Simu Kubwa na Saa ya Ng'ambo

Wanawake wenzangu wa soko la Gungu hawaishi kuniuliza. Nikiitoa tu simu mfukoni mwa aproni, lazima mmoja atasogea na kusema, "Dada, hiyo simu kali?" Namjibu kali. Inakaa na chaji? Inakaa. Na kamera je? Weee, kamera ndiyo usiseme. Basi anatikisa kichwa, anarudi kwenye meza yake ya nyanya, na mimi nabaki nimeishika mkononi, roho inaniuma, kwa sababu hakuna hata siku moja niliyowahi kumaliza jibu. Jibu kamili ni kwamba simu hii ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki, na ndiyo iliyomkosesha mama yangu jicho lake la mwisho.

Tuanze na uzuri wake, maana sitaki nionekane mtu wa chuki. Alinitumia mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Uarabuni. Ni ile kubwa kabisa ya toleo lile, kioo mbele, kioo nyuma, na kalamu yake inachomolewa ubavuni. Kabla ya hapo nilikuwa na kitochi cha vitufe ambacho saa yake nilikuwa naipanga mwenyewe kwa kidole gumba, na mdogo wangu kila nikimpigia alikuwa ananicheka: "Dada, mfanyabiashara mzima unatembea na aibu hiyo?" Ilipofika hii, fundi wa simu wa pale kwetu aliniwekea laini, akanihamishia namba, kisha akawasha kila kitu kijiendeshe chenyewe. Mwanga unajiongeza na kujipunguza. Picha zinajipanga. Saa inajirekebisha. "Mama, hapa wewe huna kazi tena," akaniambia, na mimi nikacheka kwa raha zote. Kitochi nikampa jirani yangu.

Juani inaonekana. Hicho ni kitu kikubwa kwa mtu anayeshinda nje, na jua la ziwani linavyojua kuua kioo cha simu. Iliwahi kuniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya maji, nikapiga kelele soko zima likageuka, nikaitoa ikiwa inaita kama kawaida. Siku hewa ikiwa safi nasimama juu kule Katubuka kwa dada yangu, naivuta kwa kamera milima ya Kongo mpaka naona moshi wa watu wanaochoma mashamba. Kitochi gani kitafanya hivyo? Thubutu!

Ubaya nao upo. Inateleza kama kambale. Inachemka pajani mpaka unaisogeza. Bando inalifyonza bila hata kusema asante, na pa kuweka kadi ya kumbukumbu hakuna, kwa hiyo picha zikijaa ni juu yako. Halafu kuna hili la kuifungua kwa alama ya kidole. Mimi nauza mawese. Vidole vyangu vina mafuta kutoka asubuhi mpaka nafunga meza, na ile simu ukiigusa kwa kidole chenye mawese inakukana mchana kweupe. Mwenye mali nasimama naikunakuna kwenye kanga, naigusa tena, inanikataa, wateja wanacheka. "Leo mumeo kakununia," wananiambia. Mambo hayo yote nilikuwa nayajua na nilikuwa nayavumilia. Ubaya uliotumaliza sikuujua, kwa sababu mimi niliuhesabu kwenye uzuri: ile simu ina nguvu za kutafuta mtandao kuliko simu zote nilizowahi kuziona.

Mama yangu alikuwa anaishi kijijini kwetu, kule kaskazini, ufukweni mwa ziwa, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Barabara hakuna. Unakwenda kwa boti ya mbao yenye injini kutoka Kibirizi, na boti za kurudi mjini zinaondoka asubuhi. Presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho la kushoto taratibu, bila maumivu, yeye akidhani ni uzee tu, na sisi wanawe tukidhani hivyohivyo. La kulia lilikuwa linafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukikaa mbele yake anakuona, ukisogea hatua moja umepotea, anaanza kukutafuta kwa kichwa. Tulimleta mjini, akapimwa, akapewa dawa ya matone, tukaambiwa matone yatachelewesha tu. Dawa yake ni upasuaji, na wanaoujua ni madaktari bingwa wanaokuja mara mojamoja. Tusubiri.

Tukasubiri mpaka nikazoea kusubiri. Siku moja mchana, nikiwa naosha madumu, muuguzi wa macho akanipigia. Mabingwa wamekuja, nafasi zilikuwa zimejaa, lakini mgonjwa mmoja wa kesho amepata homa na hawezi kufanyiwa. "Mama, hii nafasi nimekushikia wewe kwa sababu lile jicho haliwezi kungoja tena," akasema. "Mfike kabla ya saa saba mchana. Saa saba daktari anamaliza, wanafunga vifaa, jioni wanapanda ndege. Ikipita hapo sina la kufanya." Sikumaliza hata kuosha. Madumu niliyaacha yamelala chini, nikakimbilia Kibirizi, nikapata boti ya mwisho inayopanda kaskazini.

Nilifika jua likizama. Nyumba ya mama iko juu mlimani, peke yake katikati ya michikichi na mihogo, na kutoka pale mpaka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, ni mteremko wa mawe. Nilimkuta barazani, nikamwambia. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuomba kingi, "Nitaweza kuchambua maharage?"

"Utachambua, Mama."

"Maana nimechoka kula mawe. Nataka nilione jiwe kabla halijaingia mdomoni."

Tulicheka wote wawili. Sijui kama nimewahi kumpenda mama yangu kama jioni ile. Akaanza kujiandaa palepale, akatoa kitenge chake kipya chini ya sanduku, akakinusa, akakikunja, akakikunjua tena. Mimi nikatoa simu nimpigie muuguzi kumthibitishia. Simu ikaita na ujumbe: umekaribishwa Burundi. Mnara wetu ulikuwa umezimika tangu juzi, ndivyo mama alivyoniambia, na simu za kijiji kizima hazikuwa na mtandao. Yangu, kwa ubingwa wake, ilikuwa imevuka milima ikadaka mtandao wa jirani. "Mama, Warundi wanakukaribisha," nikamwambia, tukacheka tena. Kupiga nikashindwa, maana salio langu kule halikufanya kazi. Lakini nilijivuna, wallahi. Nilijisemea, ona, simu za watu zote zimekufa, yangu inapumua.

Boti ya abiria inaondoka saa moja asubuhi. Nikatega kengele ituamshe saa kumi na moja, nikalala nimeiweka simu kifuani.

Mvua ilianza alfajiri. Kengele ilipolia bati lilikuwa linapigwa mpaka hatusikilizani. Nikawasha moto, nikachemsha uji, nikamwogesha mama kwa maji ya moto, nikamvalisha. Kila baada ya muda mfupi aliniuliza, "Saa ngapi?" na mimi nilikuwa naangalia na kumsomea. Yeye saa hawezi kuiona. Redio yake ilikuwa imekwisha betri. Jirani wa karibu ni wa kumwita kwa kupaaza sauti, na kwa mvua ile nani angesikia? Saa yote ya mama yangu ilikuwa mdomoni mwangu.

Tulipokuwa tunamalizia uji aligeuza uso kuelekea mlangoni, akauliza tena.

"Kumi na mbili kamili, Mama. Kunywa taratibu."

"Mbona kumepambazuka?"

Nikatazama nje. Wingu lilikuwa zito, mvua imefunga ziwa lote, lakini kweli mwanga ulikuwepo, mwanga wa kijivu ambao mtu unaweza kuutilia shaka au usiutilie. Kwetu huku kunachelewa kupambazuka, kila mtu anajua. Saa kumi na mbili bado kuna giza. Nikaangalia simu mara ya pili. Kumi na mbili. Tarakimu zimesimama pale, nyeupe, safi.

"Mwana wanje, mwanangu, huu si mwanga wa saa kumi na mbili," akasema.

Nikamwambia, "Ni macho yako hayo, Mama."

Hakubisha. Alishazoea kuambiwa hivyo. Akaambiwa hiki si kikombe ni bakuli, huyu si fulani ni fulani, akazoea kukubali. Akainamisha kichwa akaendelea na uji wake, taratibu, kama nilivyomwambia.

Mvua ilipopungua tukatoka. Nilimfunika kwa nailoni, nikamshika mkono, tukashuka jiwe kwa jiwe. Nilikuwa na muda, ndivyo nilivyoamini, kwa hiyo sikumharakisha. Hata nilisimama katikati nikampumzisha. Tukafika mwaloni. Boti hakuna.

Palikuwa na mama mmoja anauza chapati chini ya turubai. Nikamwuliza boti ya abiria iko wapi. Akanionyesha ziwa kwa kidevu. "Imekwenda."

"Imekwendaje? Saa yake haijafika!"

"Yule? Yule huondoka anavyojisikia. Wakijaa tu anawasha."

Na kweli wapo wa hivyo. Ndiyo maana sikuwaza kingine. Nilimtukana yule nahodha, jamani, nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nikamwita mshenzi, nikamwita muuaji, nikamlaani na injini yake. Mama chapati akaniitikia, "Hana utu, dada, hana utu," akamkaribisha mama yangu kwenye benchi. Mimi nilikuwa nazunguka pale mchangani nikimwuliza kila mwenye chombo. Mmoja alikuwa anapakia madumu ya mawese na viroba vya dagaa, anaelekea mjini akimaliza. Nikamwendea, nikamshika mkono bila hata salamu. "Kaka, namwahisha mama hospitali. Akichelewa leo anapofuka." Akaniambia chombo chake kinakwenda polepole, kizito, na kitasimama vijiji viwili vitatu. Nikaangalia simu, nikapiga hesabu. Kwa mwendo wake tutafika Kibirizi kwenye saa sita, ukichelewa sana sita na nusu. Hospitali kwa bodaboda ni karibu. Bado tumo. "Tunakwenda," nikamwambia.

Tulikaa juu ya viroba vya dagaa. Mama alikuwa ameishika bahasha ya vyeti vyake kwa mikono miwili chini ya nailoni. Kila chombo kilipopinda kuingia mwalo wa kijiji kingine, nilisimama juu ya viroba nikahesabu wanaongoja. Watu wanapakia kuku, wanapakia ndizi, wanasalimiana, wanaulizana habari za msiba, na mimi natamani kuwasukuma majini. Natoa simu, naangalia, narudisha. Mama kila mara anauliza, "Tutawahi?" Namjibu, "Tutawahi. Muda bado upo." Nilimjibu hivyo njia nzima, na nilikuwa namaanisha.

Tulikuwa tumeshapita ile milima ya hifadhi ya sokwe, mvua imekatika, jua limeanza kutoboa. Mji ulikuwa bado hauonekani. Nilikuwa nimeishika simu mkononi, naitazama, ilikuwa saa tano na dakika zake. Ghafla ikatetemeka. Mtandao wa nyumbani umerudi. Nikiwa naitazama hivihivi kwa macho yangu, zile tarakimu zikabadilika. Tano ikawa sita. Dakika zilikuwa zilezile, saa tu ndiyo ilikuwa imeruka.

Nilidhani nimegusa mahali. Nikakizima kioo, nikakiwasha. Saa sita na dakika zake, karibu saa saba. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mfanyabiashara wa vitenge ambaye kazi yake ni kuvuka mpaka na kurudi. Nikamwonyesha. "Mzee, shikamoo, hii simu imekuwaje?"

Akaisogeza mbali kidogo na macho, akatabasamu. "Marahaba. Ulilala na mtandao wa Burundi, eh? Wao wako nyuma yetu saa moja. Hizi simu kubwa zikidaka mtandao wa kule zinajirudisha nyuma zenyewe. Sisi wa huku tunaifunga hiyo ya kujirekebisha, saa tunapanga kwa mkono." Akanirudishia. "Kitochi hakina shida hiyo," akaongeza, akaendelea kula karanga zake.

Sijui nieleze vipi. Yule nahodha niliyemlaani aliondoka kwa saa yake, saa moja kamili, kama kila siku. Sisi wakati ule tulikuwa tunakunywa uji. Wakati mama ananiambia huu si mwanga wa saa kumi na mbili, boti ilikuwa inawasha injini chini ya mlima wetu. Kwa lile bomba lake la jicho aliona sawasawa, mimi mwenye macho mawili nikamwambia ni macho yake.

"Kuna nini?" mama akauliza. Alisikia nimebadilika pumzi.

"Hakuna kitu, Mama."

Zikaanza kuingia jumbe za muuguzi, moja juu ya nyingine. Mmeshafika mjini? Mko wapi? Mama, tunaita jina lake. Mama, daktari anauliza. Nikajaribu kumpigia, nikaweka kidole, simu ikanikataa. Mikono ilikuwa na mafuta ya dagaa. Nikafuta kwenye kanga, ikanikataa. Nikaweka namba ya siri, nikakosea, nikaweka tena, machozi yanadondoka juu ya kioo na kioo kinayahesabu kuwa ni vidole, kinafungua vitu nisivyovitaka. Nilitamani kuitupa. Naapa kama si kumhitaji yule muuguzi ningeitupa ziwani ikajipime na maji vizuri. Ikaita hatimaye.

"Tuko majini, dada yangu, tumekaribia. Mwambie daktari atungoje. Kwa mapenzi ya Mungu, mwambie."

"Mama, kuna mgonjwa mwingine alikuwa benchi tangu asubuhi. Wamemwingiza." Akashusha sauti. "Njooni tu. Njooni haraka, nitajaribu."

Nikamwendea nahodha nikamwambia aongeze mwendo. Akanionyesha mzigo, akanionyesha injini. Alikuwa ameshaiongeza yote.

Kibirizi tuliingia saa saba imepita. Nilimbeba mama mgongoni kuvuka maji ya ufukweni, mtu mzima, mama yangu mzazi, bahasha ameiinua juu kichwani isilowe. Bodaboda tukapanda wote wawili, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia yeye na dereva. "Kimbiza!" nikamwambia dereva, na alikimbiza, mama ananong'ona sala za rozari sikioni mwake.

Muuguzi alikuwa mlangoni, ameshika kofia yake mkononi. Nilipomwona hivyo nilijua. Lakini niliingia. Daktari alikuwa ukumbini, mtu mrefu, bado amevaa nguo za kijani, na pembeni yake masanduku ya chuma yameshafungwa kwa mikanda. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimechukuliwa na mama mjamzito aliyekuja amezidiwa. Nikapiga magoti. Sikupanga, magoti yenyewe yalikwenda chini. Nikamweleza habari ya simu, habari ya Burundi, habari ya saa, nikaitoa simu nikamwonyesha kana kwamba akiiona ataamini na muda utarudi. Watu benchini walinitazama kama kichaa. Labda nilikuwa kichaa.

"Nyanyuka, mama yangu," akasema. "Nyanyuka kwanza."

"Sinyanyuki. Fungua sanduku."

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia, ningepata mtu wa kugombana naye. Aliinama mbele ya mama, akamwinua kope kwa kidole, akamulika na tochi yake ndogo, akatazama kwa muda mrefu. Akaniambia vifaa vya kupasulia vimeshatumika, vya mwisho kwa yule aliyekuwa benchi, na chumba hakipo. Akaandika barua ya rufaa twende Mwanza. Akaandika matone mengine. Kisha akanivuta pembeni akaniambia ukweli, kwamba jicho lile lina wiki chache, na mwendo wa kwenda Mwanza, kupangiwa siku, kusubiri, nikazane sana.

"Pole sana," akasema.

Sikuitaka pole yake. Nilitaka saa moja. Kati ya vitu vyote ambavyo binadamu anaweza kuomba, nilitaka saa moja tu, ile niliyoilala.

Tulikazana. Nasema hili mapema ili mtu asibaki na matumaini. Nauli ilichangwa, dada yangu wa Katubuka akauza cherehani, tukafika Mwanza, tukapangiwa siku, tukasubiri, na siku ilipofika daktari wa kule alimulika jicho la mama, akazima tochi, akatuuliza kama tuna mahali pa kulala. Mdogo wangu wa Uarabuni mpaka leo ananiuliza kwenye simu, "Dada, mashine inapiga kazi?" Namjibu inapiga kazi. Kumwambia siwezi. Alininunulia kwa upendo wake wote.

Mama anaishi kwangu sasa. Simu ninayo hiyohiyo, sina uwezo wa kununua nyingine, na saa yake naipanga kwa mkono. Lakini mchana ule wa hospitali haujaisha kichwani mwangu.

Tulipotoka nje na ile barua ya kwenda Mwanza, jua lilikuwa limewaka kabisa, lile jua la baada ya mvua linaloumiza macho. Nilikuwa namtafutia mama kivuli. Akaning'ang'ania mkono. "Hapana," akasema. "Hapa. Nisimamishe hapa kwenye mwanga." Akajigeuza taratibu mpaka jua likawa nyuma yake na mimi nikawa mbele. Nilikuwa bado sijamwambia alichosema daktari. Akainua mikono miwili akanishika mashavu, akanivuta karibu, akanikaza kichwa kisicheze, akaanza kunitazama. Alinianza juu kwenye nywele. Akashuka kwenye paji la uso, jicho moja, jicho la pili, pua, kidogokidogo, kwa lile tundu lake dogo lililobaki, kama mtu anayechambua. Mimi nalia, kamasi zinanitoka, na magamba ya dagaa yamenigandia shavuni, naomba aniache nijifute. Hakuniacha. Watu walikuwa wanatupita.

"Mbona umezeeka hivi?" akasema hatimaye, akacheka kidogo. Akanibandua gamba moja kwa ukucha.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Nyamaza kwanza," akasema. "Usitikise uso. Sijamaliza."